Je, Riba Iliyosamehewa Kodi Huacha Kuwa Riba?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Ninaishi Marekani na ninafanya kazi katika idara ya maendeleo ya uchumi ya mji mdogo, ambako kwa miaka mitano nimeshughulikia ruzuku na vibali vya biashara. Mkuu wangu anataka nihudhurie mafunzo ya namna hatifungani (hati za mkopo) zisizotozwa kodi zinavyogharimia viwanda na miradi ya mji, kisha niwe karani wa mamlaka inayozitoa. Ndugu mmoja msikitini ameniambia kuwa hata kujifunza mambo hayo ni haramu. Mwingine anasema hii si riba, kwa kuwa serikali imeisamehe kodi na fedha zake hujenga mji, na kwa ushauri wake mwaka jana nilinunua hatifungani moja ya dola 5,000. Nina watoto watatu, na bima ya afya ya familia yangu inatokana na kazi hii. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kutoa hukumu juu ya jambo nisilolifahamu umbo lake, na pia kwa sababu maneno ya ndugu yako wa pili nimeyasikia mara nyingi mno miaka ya karibuni, tena kutoka kwa watu wanaoswali safu ya kwanza. Sitarudia hapa dalili za uharamu wa riba, kwani nyote watatu hamkuhitilafiana juu yake. Mlichohitilafiana ni kama jambo hili linaingia katika riba au haliingii.

Kuhusu kujifunza, ndugu yako wa kwanza amekosea, ingawa nia yake ni njema. Hudhaifa bin al-Yamani (R.A.) alikuwa akimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya shari, wakati wenzake wakiuliza juu ya kheri, kwa kuchelea isije ikamfika. Naye Umar (R.A.) alikataza asiyeelewa dini kufanya biashara katika soko la Waislamu. Mtu hawezi kuikimbia riba asiyoitambua, na laiti wangekuwapo Waislamu wengi zaidi wanaoyajua mambo haya kwa undani, tusingepata fatwa nyepesi kama uliyopewa wewe. Nenda kwenye mafunzo hayo, usikilize, uandike na uulize maswali.

Ama umbo lenyewe ni hili. Kiwanda kinataka, tuseme, dola milioni 8 za kujenga jengo na kununua mitambo. Badala ya kwenda benki, kinaiendea mamlaka ya mji, nayo inatoa hatifungani kwa jina lake, inakusanya fedha za wanunuzi na kukikabidhi kiwanda. Kiwanda ndicho kitakacholipa rasilmali na riba, na kwa kawaida kikishindwa, mji haudaiwi kitu. Kwa hiyo katika muamala wa namna hii mji umetoa jina lake tu, lakini jina hilo lina thamani kubwa, kwa kuwa sheria ya kodi ya Marekani, tangu kodi ya mapato ilipoanzishwa mwaka 1913, haihesabu riba ya hatifungani za majimbo na miji kuwa pato linalotozwa kodi ya serikali kuu. Tajiri anayetozwa asilimia 35 akikopesha dola 10,000 kwa riba ya kawaida ya asilimia 6, atapata 600, atakatwa 210, na mkononi zitabaki 390. Akikopesha kupitia mji kwa asilimia 4 tu atapata 400 na hakatwi chochote. Yeye amefaidika, na kiwanda kimepunguziwa gharama ya dola 160,000 kila mwaka kwa ule mkopo wa milioni 8. Aliyelipa tofauti hiyo ni hazina ya taifa, yaani walipa kodi wengine.

Njia hii ya kuvutia viwanda ilianza rasmi katika jimbo la Mississippi mwaka 1936, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, jimbo lilipoiruhusu miji yake ikope ili ijenge majengo ya viwanda na kuwatoa watu kwenye utegemezi wa kilimo cha pamba. Majimbo mengine yakaiga, hata Bunge la Marekani likaona hazina inavuja, likaanza kuibana mwaka 1968 na kuibana zaidi mwaka 1986. Ndiyo maana leo utafundishwa mambo kama ukomo wa dola milioni 10 kwa hatifungani za viwanda vidogo, na sharti kwamba angalau asilimia 95 ya fedha iende kwenye kusudi lililoruhusiwa. Nayataja haya ili ujue kwamba sidharau nia ya waliobuni njia hii. Watu walikuwa na njaa, na viwanda viliwapa kazi.

Sasa nije kwa hoja ya kwanza ya ndugu yako, kwamba msamaha wa kodi umeiondolea riba jina lake. Kwa hakika mambo ni kinyume kabisa. Kifungu cha 103 cha sheria yao ya kodi hakisamehi faida ya biashara, wala kodi ya pango, wala zawadi. Kinachosamehewa hapo ni riba ya hatifungani ya jimbo au ya mji, na neno riba limo ndani ya kifungu chenyewe. Kama malipo hayo yangekuwa faida ya ubia, inayopanda na kushuka pamoja na mauzo ya kiwanda, msamaha usingepatikana. Basi mwenye hatifungani hii yuko katika hali ya ajabu: mbele ya afisa wa kodi anasema “hii ni riba, nisamehe,” na mbele ya sheikh wake anasema “hii si riba, niruhusu.” Ndugu yangu, karatasi ni moja, na haiwezi kubadilika kila inapobadilishiwa meza. Msamaha alioufanya kuwa dalili ya uhalali ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba hapa pana mkopo na nyongeza iliyoshurutishwa juu yake.

Zaidi ya hayo, mwenye haki ya kusamehe ni mwenye kudai. Hazina inadai kodi, basi isamehe kodi. Uharamu wa riba haudaiwi na hazina.

Hoja ya pili, ya kujenga mji, ina uzito zaidi kidogo katika nyoyo za watu, na ndiyo inayonisumbua. Wanasema riba iliyoharamishwa ni ile ya kumkamua maskini mwenye dhiki, na hapa mkopaji ni mji au kiwanda kinachokopa kwa hiari kwa ajili ya manufaa ya wote. Lakini ni nani waliokuwa wakikopa Makka na Taif? Walikuwamo wafanyabiashara, watu wa misafara, makabila yaliyokopeshana mali kwa mali. Mtume (S.A.W.) alipoifuta riba ya zama za ujahili katika hija ya kuaga, ya kwanza aliyoitaja ilikuwa ya ami yake, Abbas bin Abdul-Muttalib, mtu mkarimu aliyewanywesha mahujaji maji, na wala hakusema kwamba ukarimu wa Abbas unamtoa katika hukumu. Mwenyezi Mungu amekiri katika Surat al-Baqara kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, kisha akasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kupatikana kwa manufaa, basi, hakujawahi peke yake kuhalalisha kilichokatazwa kwa nassi, yaani andiko la wazi la dini. Nami naongeza, ingawa si lazima kwa hukumu, kwamba manufaa yenyewe hayagawanywi kama wanavyodhani, kwa kuwa anayevuna zaidi katika msamaha huu ni yule ambaye kodi yake ingekuwa kubwa zaidi, na mfagizi wa kile kiwanda hana hatifungani hata moja.

Wapo pia wanaonukuu fatwa ya mwaka 1989 ya Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alipokuwa Mufti wa Misri, aliyeruhusu vyeti vya uwekezaji vya benki kwa kuviona kuwa ni uwekezaji kwa wakala. Tunamheshimu mwanachuoni na hatuifuati rai yake hapa, kwa kuwa hatifungani kwa sheria inayoiunda ni deni: mnunuzi hana sehemu katika kiwanda, na hisabu yake haitazami faida wala hasara ya kiwanda hicho. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, yaani baraza la wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu, ilipokutana Machi 1990 ilipitisha, katika azimio lake namba 60, kwamba hatifungani zinazobeba ahadi ya kulipa rasilmali pamoja na nyongeza ni haramu kuzitoa, kuzinunua na kuzizungusha sokoni, ziwe zimetolewa na serikali au na kampuni, na vyovyote zitakavyoitwa. Azimio hilo hilo lilielekeza kwenye badala yake, nayo ni hati za ubia ambamo mwenye fedha hugawana faida halisi ya mradi.

Na wengine, wakishindwa kote huko, hukimbilia kauli iliyopokewa kwa Imam Abu Hanifa, kwamba Muislamu anaweza kupokea riba kwa asiye Muislamu katika nchi ya vita. Abu Yusuf, mwanafunzi wake mkubwa, hakukubaliana naye, na Imam Shafi'i na maimamu wengine waliikataa, kwani hadithi inayotegemewa haikuthibiti. Lakini hata tungeikubali, ingekuhusu nini wewe? Umeingia nchi hiyo kwa amani na mkataba, watoto wako wanasoma katika shule zake, na unalipwa mshahara na mji wake. Haiwi mtu yuko katika amani siku ya mshahara na siku ya matibabu, kisha awe vitani siku ya kupokea riba.

Kwa hiyo kununua hatifungani hizi hakufai. Ama kutumia barabara, maji au shule zilizojengwa kwa fedha za namna hii, hilo halikudhuru kitu. Hukuwa mshiriki katika mkataba, na Waislamu hawakukalifishwa kuuliza kila daraja lilijengwa kwa mkopo gani.

Linalobaki ni ukarani, na hapa ndipo moyo wangu ulipokuwa mzito. Katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mlaji wa riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Nilimwomba mtu aliyewahi kufanya kazi kama hiyo anieleze siku yake. Alisema huandika tangazo la kikao cha hadhara ambacho sheria inakitaka kabla ya hatifungani za aina hii kuidhinishwa, akalipeleka gazetini. Siku ikifika hufungua ukumbi, hupanga viti, husubiri. Mara nyingi hatokei mtu. Huandika kuwa kikao kimefunguliwa, hakuna aliyesema neno, kimefungwa. Kisha huandaa azimio lenye kiasi cha mkopo na ukomo wa riba, hulithibitisha kwa saini yake na kuligonga muhuri. Nilipomsikiliza sikupata nafasi ya kukwepa: kupanga viti ni kupanga viti, lakini saini na muhuri ule ni uandishi na ushahidi kwa pamoja. Usiukubali wadhifa huo ikiwa unaweza kuukataa bila kuangamia.

Nami naamini unaweza, na usiende kazini kesho kutupa barua ya kujiuzulu kwa hamasa. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, zikiwamo serikali za miji, ajitahidi kumpisha mfanyakazi katika jambo la dini yake isipokuwa akipata uzito mkubwa wa kazi, na Mahakama ya Juu yao mwaka 2023, katika kesi ya tarishi Mkristo aliyekataa kufanya kazi Jumapili, ilimwekea mwajiri kiwango cha juu zaidi cha kuuthibitisha uzito huo. Andika ombi fupi, la adabu, bila kumhubiria mkuu wako wala kumwambia kuwa kazi yake ni laana. Mwambie kuwa dini yako inakukataza kuandika na kuthibitisha mikataba ya riba, na kwamba uko tayari kubeba mzigo mkubwa zaidi upande mwingine. Upande huo upo na unaujua: ruzuku za maendeleo ya jamii zinazotolewa na serikali kuu chini ya sheria ya mwaka 1974, punguzo la kodi ya majengo kwa wanaofungua biashara, mafunzo ya mafundi. Mjuzi wa ruzuku huhitajika kila mji. Zungumza na mkeo kabla hujapeleka ombi, kwani bima ile ni yake na watoto pia, na si haki asikie habari baada ya mambo kuharibika.

Ikitokea umekataliwa na huna mlango mwingine, baki huku ukitafuta kwa bidii ya kweli, ukichukia unachokiandika, na usiifanye dharura kuwa makazi. Mshahara wako wa kazi za ruzuku na vibali ni halali, usijitie wasiwasi juu ya chakula cha watoto wako.

Kuhusu ile hatifungani ya dola 5,000, ulinunua kwa fatwa ya mtu uliyemwamini, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Tubu na ujitoe. Ukiwa na njia ya kurudishiwa na aliyeitoa kabla ya muda, itumie. Ukikosa, wanavyuoni wana maneno juu ya kuiuza, nami naelekea kuiruhusu kwa nia ya kujitoa tu, kwa sharti usibakize mkononi zaidi ya rasilmali yako. Ukipata 4,900, potezea hiyo mia. Ukipata 5,100, mia ile pamoja na kila riba uliyokwisha kupokea uwape mafukara bila kutarajia thawabu ya sadaka, wala usiitumie kwa jambo lolote litakalokurudia mwenyewe, hata kulipia kodi.

Wallahu aalam.