Nimetoka HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), falsafa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nitaiweza?

Mdogo wangu, HKL si kikwazo. Karibu wote mtaanza sifuri. Kinachoangusha watu ni mantiki, maana huko kukariri hakusaidii. Angalia hii, ya bonde la Jangwani hapo Dar: "Mvua ikinyesha hapa, Jangwani hufurika. Jangwani kumefurika. Basi hapa imenyesha." Ukiona iko sawa umeshapigwa: maji ya mto Msimbazi yanaweza kushuka kutoka vilima vya Pugu huku kwenu vumbi tupu. Fanya mazoezi ya namna hiyo kila siku, kwa kalamu.

Kwenye insha usijaze kurasa kueleza Plato alisema nini. Weka dai lako aya ya kwanza, litetee, kisha lete pingamizi zito ulijibu. La kitoto mwalimu analishtukia. Na soma taratibu: kurasa 10 za mwanafalsafa Kant kwa jioni moja ni nyingi mno.