Kompyuta Ibaki Kwenye Maandalizi, Mezani Njoo na Karatasi

Kwa miaka sita sasa nimekuwa msimamizi wa michezo ya kuigiza wahusika, ambamo msimamizi husimulia hadithi na kila mchezaji huwa mhusika ndani yake, hapa Moshi, sebuleni kwa dada yangu kule Rau, tukiwa watu watano tunaoizunguka meza ya chakula. Miaka miwili ya mwanzo kila kitu kilikaa kwenye kompyuta mpakato: ramani, majina ya wanakijiji, nguvu za maadui. Leo namshauri anayeanza aitumie kompyuta kuandaa mchezo, lakini mezani aje na karatasi.

Sababu yangu si umeme, ingawa kukatika umekatika mara nyingi. Ni macho. Jioni moja mchezaji wetu mdogo kuliko wote alikuwa akieleza, kwa sauti ya chini, jinsi mhusika wake anavyomsamehe ndugu aliyemsaliti, nami nimeinamia kioo nikilisaka jina la ndugu huyo katika mafaili chungu nzima. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshanyamaza na dadu ameirudisha mezani. Liliniuma sana jambo lile.

Tangu hapo, siku moja kabla ya mchezo, ninanakili kwa mkono ukurasa mmoja tu wa kaunta buku: majina matano, mahali pawili, siri moja. Kuandika kwa mkono kunachosha, na uchovu huo ndio unaonifanya niyaache yasiyohitajika. Kila adui ninamkatia kipande cha manila na kuandika pointi zake za uhai kwa penseli. Anapojeruhiwa ninazikata na kuandika nyingine, na wachezaji wakisikia penseli ikikwaruza hujua kwamba pigo limeingia.

Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, karatasi, penseli na dadu vilitosha. Hata hivyo kompyuta siidharau. Sheria za msingi za toleo la tano la mchezo huo zilitolewa mwaka 2023 chini ya leseni huria ya Creative Commons, hivyo unaweza kuzihifadhi bure, na hakuna daftari litakalokutafutia neno moja ndani ya kurasa zaidi ya 300 kwa sekunde chache. Nami huchapa yote yaliyotokea usiku uleule, kwa maana penseli hufifia.

Ukisahau sheria katikati ya pambano, amua mwenyewe, weka nyota pembeni mwa ukurasa, kisha uitafute sheria hiyo ukifika nyumbani na uwaeleze wenzako mtakapokutana tena.