Kabla hujaandika chmod 777 kwenye stoo ya mashine pepe

Seva yako ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe) inaiona folda ya NFS, yaani folda ya seva ya faili inayotumiwa kupitia mtandao, inasoma hata orodha ya ISO (faili za kusakinishia mifumo), lakini ukiunda diski ya mashine mpya inakujibu "Permission denied". Usikimbilie chmod 777, amri inayompa kila mtumiaji ruhusa zote za folda. Mimi nilikimbilia. Ilikuwa jioni, ofisi nzima inasubiri mfumo wa uhasibu urudi, na baada ya amri ile kazi ikaendelea. Kesho yake nikakuta faili zote mpya ni mali ya nobody, mtumiaji asiye na cheo, namba 65534, na mtu yeyote mwenye akaunti kwenye seva ya faili anaweza kufuta diski ya mfumo huo.

Tatizo halikuwa kwenye folda. Proxmox huandika ikiwa root, yaani msimamizi mkuu, na NFS ya Linux kwa kawaida haimwamini root anayetoka mashine nyingine: humvua cheo akawa nobody. Hiyo ndiyo root_squash, na kwenye folda za wafanyakazi iache kama ilivyo, usiiondoe. Kwenye stoo ya mashine pepe mruhusu root, ila kwa seva zinazohusika tu, anwani moja moja, ndani ya /etc/exports ya seva ya faili:

/srv/vm 192.168.10.11(rw,sync,no_subtree_check,no_root_squash)

Utazame vizuri mstari huo. Kati ya 11 na mabano hakuna nafasi. Ukiiweka, maana inageuka: seva yako inabaki na masharti ya kawaida, yaani kusoma tu, na ruhusa zote za mabanoni wanapewa watu wengine wote mtandaoni. Nimewahi kuukuta mstari wa hivyo kazini. Mwenzetu alihangaika siku mbili, seva yake haiandiki, kumbe laptopu ya mgeni ingeweza kuandika ikiwa root! Endesha exportfs -ra ili mistari isomwe upya, kisha exportfs -v uone nani amepewa nini. Ukiona neno <world>, rudi ukaifute hiyo nafasi.

NFS ya namna hii hukagua anwani tu, haiulizi nywila. Atakayeichukua anwani ile ameingia, kwa hiyo stoo iwe na VLAN yake (mtandao uliotengwa), mbali na Wi-Fi ya ofisi.

Sasa rudisha folda kwenye 755 (mmiliki pekee ndiye anayeandika), faili za nobody uzirudishe kwa root kwa chown. Halafu, ukiwa kwenye Proxmox, unda faili tupu ndani ya stoo kwa touch, uende kwenye seva ya faili uandike ls -ln. Mmiliki akiwa 0, yaani root, umemaliza. Akiwa 65534, mstari wako bado una kasoro.