Kupima Ujuzi wa Wahadhiri: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Uthibiti Ubora

Ninyi mnaoanza kazi ya uthibiti ubora katika vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa, huenda mkakabidhiwa mapema hojaji iliyokwisha kuchapwa, inayomtaka mhadhiri ajipe alama kuanzia 1 hadi 5 mbele ya sentensi kama "Ninafahamu namna ya kutunga mtihani mzuri." Kabla hamjaisambaza, fahamuni kwamba hojaji ya namna hiyo hupima zaidi jinsi mtu anavyojiamini kuliko anachokijua. Wanasaikolojia David Dunning na Justin Kruger walionyesha mwaka 1999 kwamba waliofanya vibaya zaidi katika majaribio yao ndio waliojikadiria juu mno kuliko uwezo wao halisi. Huku kwetu kuna pia suala la heshima: mhadhiri mwandamizi hawezi kuzungushia 2 mbele ya kijana aliyemfundisha juzi.

Mpeni kazi badala ya kumwomba ajisifu. Mwekeeni, kwa mfano, matokeo ya swali la kuchagua jibu sahihi ambalo, kati ya wanafunzi 20 walioongoza katika mtihani mzima, walilipata 4 tu, ilhali kati ya 20 walioshika mkia walilipata 13. Kisha mwulizeni angelifanyia nini swali hilo. Atakayejibu kwamba wanafunzi hawakusoma amekwisha kuwaambia mengi. Anayeijua kazi ataanza kwa kukagua mwongozo wa kusahihishia, kwa kuwa huenda jibu lililoandikwa humo si sahihi, au swali lenyewe lina majibu mawili yanayokubalika. Maswali 6 ya aina hii, yaliyopitiwa kwanza na wataalamu wa somo na kujaribiwa katika chuo kingine, yana faida kuliko kurasa nne za kujikadiria.

Mtaambiwa pia kwamba hojaji ni nzuri kwa sababu alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi majibu ya sentensi za hojaji yanavyoendana, imevuka 0.70. Alfa hupanda hata pale sentensi kumi zinaporudia jambo moja kwa maneno tofauti, na haisemi lolote kuhusu kama jambo hilo ni ujuzi.

Stadi, tofauti na maarifa, haipimiki kwa karatasi peke yake. Mhadhiri wa uhandisi huko MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) atazamwe akiwa karakanani pamoja na wanafunzi, na wa ualimu huko Mkwawa, chuo cha elimu cha Iringa, atazamwe darasani, na watazamaji wawe wawili, kila mmoja akijaza fomu yake bila kuchungulia ya mwenzake. Wakitofautiana sana, tatizo huenda liko kwenye fomu. Tathmini za wanafunzi zichukueni kama ushahidi wa wanachokiona, kama vile kuwahi kipindi na kueleweka, kwani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kujua kama somo limepitwa na wakati.

La mwisho linahusu udogo wa idara zetu. Mkiandika cheo, jinsia na idara katika fomu moja, mahali penye mhadhiri mwandamizi mwanamke mmoja tu, fomu hiyo ina jina lake hata kama hamkuliuliza. Unganisheni idara ziwe kundi moja la kitivo, na pateni kwa maandishi, kabla ya kumfikia mhadhiri wa kwanza, ahadi ya uongozi kwamba matokeo hayatatumika katika kupandisha vyeo.