Niambie Kwanza Unakwenda Jimbo Gani

Mjomba Msafiri anajibu barua zenu kuhusu India

Barua nyingi za mwezi huu zina swali moja: "Mjomba, India ikoje?" Nilisoma chuo Pune, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda na kurudi, mara kwa shughuli zangu, mara nikisindikiza mgonjwa. Swali hilo bado linanishinda. Nchi ina majimbo 28 na maeneo mengine 8 yaliyo chini ya serikali kuu. Ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na mwaka 2023 ndipo ilipoipita China. Shika noti yoyote ya rupia uitazame: mbele pana Kihindi na Kiingereza, nyuma pana kisanduku kidogo chenye lugha nyingine 15, zote zikitaja thamani ile ile ya noti. Kwa hiyo mkiniandikia, anzeni na jina la jimbo. Lugha, mvua, chakula na hata bia hufuata hapo.

Shikamoo Mjomba. Kaka yangu anapelekwa Chennai mwezi wa Novemba kufanyiwa upasuaji wa moyo, na mimi ndiye nitakayemuuguza. Nimeambiwa mvua za India huisha Septemba, na kwamba Kihindi nilichookota kwenye sinema kitanisaidia. Nijiandae vipi?

Marahaba mwanangu, Mungu amjalie kaka yako afya. Yote mawili uliyoambiwa ni kweli, ila si kwa Chennai.

Tuanze na mvua. Ile mvua kubwa inayosifika huja na kusi. Hugonga Kerala mwanzoni mwa Juni, ikapanda Mumbai, ikafika Delhi mwishoni mwa mwezi huo au Julai, na kuanzia Septemba huanza kuondoka. Chennai iko upande wa pili wa milima ya Ghats ya Magharibi, na kusi ikishavuka milima hiyo huwa imeshamwaga maji yake mengi. Mvua ya Chennai huja na upepo wa kaskazini-mashariki, Oktoba hadi Desemba. Kwa maneno mengine, unakwenda katikati ya masika yao. Mwishoni mwa 2015 maji yaliujaa mji hadi uwanja wa ndege ukafungwa kwa siku kadhaa. Tafuta chumba cha ghorofani, karibu na hospitali kiasi cha kwenda kwa miguu, na usikate tiketi ya kurudi isiyobadilishika.

Lugha ya huko ni Kitamil. Jimbo la Tamil Nadu halikipendi Kihindi cha kulazimishwa. Mwaka 1965 watu waliandamana kwa hasira kukikataa kisiwe lugha pekee ya serikali kuu. Dereva ukimsemesha Kihindi cha sinema atakutazama tu. Hospitalini utaongea Kiingereza na mambo yatakwenda.

Sasa karatasi. Kaka yako aombe viza ya matibabu, wewe uombe ya msindikizaji wa mgonjwa. Mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wawili, basi, kwa hiyo ukoo mzima usijipange. Msiende kwa viza ya utalii ili kurahisisha mambo. Ile ya matibabu inayoombwa mtandaoni ni ya siku 60 na mnaweza kuingia mara tatu. Matibabu yakirefuka, mtaomba kuongezewa muda kwenye ofisi ya wageni inayojulikana kwa herufi FRRO, mkiwa na barua ya hospitali. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku. Kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo India haina mzaha: sindano iwe imetimiza siku 10 kabla ya safari, la sivyo wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6, na mgonjwa wa moyo anakusubiri.

Ukitafuta chumba, nyumba nyingine za wageni za bei nafuu zitakukataa kwa sababu wewe si Mhindi. Usigombane nao mapokezini. Sheria inamtaka mwenye nyumba ampokeaye mgeni wa nje apeleke taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Form C, na wengi hawataki usumbufu huo. Uliza hospitali, wao wanazijua nyumba zinazopokea wageni, na nyingine zina jiko la kupikia uji wa mgonjwa.

Mwisho, bili. Utaona imeandikwa 4,50,000 udhani mkono wa karani umeteleza. Hapana, hiyo ni laki nne na nusu. Wao hutenga tarakimu tatu za mwisho, kisha mbilimbili. Kikitajwa "crore", hiyo ni milioni kumi, na nakuombea isitajwe kwenye bili yako.

Mambo vipi Mjomba! Tuko vijana watatu, tuna siku tano mwishoni mwa Desemba. Tunataka Delhi, Taj Mahal, Mumbai na Goa, yote kwa treni ili tuione nchi. Bajeti tunayo. Inawezekana?

Poa sana. Haiwezekani.

India inazidi Tanzania tatu kwa ukubwa. Delhi hadi Mumbai kwa reli ni karibu kilomita 1,400, na ile treni ya haraka ya Rajdhani huchukua kama saa 16. Mumbai hadi Goa ni usiku mwingine. Halafu mmechagua Desemba, msimu wa ukungu wa kaskazini. Ukungu wa Delhi ukishuka huoni mwisho wa jukwaa ulilosimama, na treni iliyoandikiwa alfajiri inaweza kuingia mchana. Siku tano zenu zitaliwa na vituo vya treni.

Chagueni upande mmoja. Kaskazini: Delhi, Agra, Jaipur, miji iliyo saa chache mmoja na mwingine. Agra msipange siku ya Ijumaa, maana Taj Mahal hufungwa kwa watalii. Au magharibi: Mumbai na Pune, na hapa nakiri napendelea kwangu. Kuna treni iitwayo Deccan Queen, inafanya njia hiyo tangu 1930. Huondoka Pune asubuhi, na kwa saa tatu na kidogo iko Mumbai, baada ya kuteremka mlima kwa mahandaki mengi. Kaeni dirishani. Lonavala wachuuzi huuza chikki, karanga zilizogandishwa kwa sukari guru, ndugu wa kashata zetu ila nyembamba na ngumu zaidi. Meno yangu mawili ya nyuma yanaifahamu.

Tiketi ndiyo kazi kubwa. Mauzo hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na njia zenye watu hujaa upesi. Ukiona WL kwenye tiketi, uko kwenye foleni, hujapata kitanda. RAC maana yake utapanda, lakini mnagawana kitanda kimoja watu wawili, mmekaa, mpaka mtu afute safari yake. Kuna mgao wa dakika za mwisho uitwao Tatkal, unaofunguliwa siku moja kabla ya safari: saa 4 asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi, saa 5 kwa yale ya kulala yasiyo nacho. Muwe na vidole vyepesi. Na someni jina la kituo, si la mji tu. Delhi ina New Delhi, Old Delhi, Hazrat Nizamuddin na Anand Vihar, na foleni ya magari kati ya kimoja na kingine inatosha kuwaachisha treni.

Behewa la vitanda vitatu lina adabu zake. Kitanda cha kati hukunjwa mchana kiwe mgongo wa kiti, hivyo mwenye nacho hawezi kujilaza akitaka. Utaratibu unampa saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Usiku huo ukiwa chini na hujalala, utakaa umeinamisha shingo mpaka ukubali kulala. Mimi huomba cha juu kabisa: hakuna wa kukuamsha, ila feni iko usawa wa pua.

Salaam Mjomba. Nakwenda Ahmedabad kutazama mashine za kufungashia. Mimi ni mtu wa nyama na bia mbili jioni. Nitapata?

Ahmedabad iko Gujarat, jimbo alikozaliwa Gandhi, na pombe huko ni marufuku tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960. Mgeni wa nje anaweza kuomba kibali, na baadhi ya hoteli zitakuelekeza. Kununua kichochoroni ni kutafuta polisi kwa fedha yako mwenyewe. Bihar nayo imekataza tangu 2016. Ukienda Goa utacheka. Lakini popote ulipo, kuna siku ambazo maduka ya pombe hufungwa, zikiwemo Januari 26, Agosti 15 na Oktoba 2.

Nyama ya ng'ombe isahau kabisa Gujarat. Kuchinja ng'ombe ni kosa zito la jinai. Kuku na mbuzi utapata, mara nyingi kwenye mitaa ya Waislamu. Chakula cha pakiti kina alama: nukta ya kijani ndani ya mraba ni cha mboga, alama ya kahawia kina nyama, samaki au yai. Kwenye mkutano wa biashara kula walichoandaa na unyamaze. Watu hao wanapika dengu kwa namna ambayo bia hutaikumbuka mpaka saa 3 usiku.

Mjomba, binti yangu amepata chuo Pune. Kitu gani ambacho mawakala hawatuambii?

Mama, hongera. Mambo matatu.

Viza yake ikizidi siku 180, inampasa kujiandikisha FRRO ndani ya siku 14 za kufika, na siku hizi hufanyika mtandaoni. Wanafunzi huahirisha hadi siku ya 20, kisha wanalipa faini.

Laini ya simu ainunue mapema, akiwa na pasipoti, nakala ya viza na picha. Bila namba ya India hata kuagiza teksi ni taabu, maana kila kitu hutuma namba ya siri kwa ujumbe.

La tatu ni la ngozi, nalo mawakala hulikwepa. Ubaguzi upo. Mwenye nyumba mmoja aliniambia kwa simu chumba kipo, akaniona getini, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Mwaka wa kwanza akae hosteli ya chuo. Vyumba vya mtaani atavipata baadaye kupitia wanafunzi wenzake waliotangulia, ambao wanajua mlango upi wa kugonga. Pune kuna Waafrika Mashariki wengi. Wiki ya kwanza tu atasikia Kiswahili kwenye foleni ya kutoa fotokopi.

Mjomba, tunasikia noti za India hubadilika. Kweli?

Kweli. Novemba 8, 2016 noti za 500 na 1,000 za wakati ule zilifutwa usiku mmoja. Ile ya 2,000 iliyofuata ikaanza kuondolewa kwenye mzunguko Mei 2023. Leo kubwa kabisa ni 500 mpya. Jirani akikupa "rupia zilizobaki safari ya zamani", mshukuru umrudishie. Ukiingia na dola taslimu zaidi ya 5,000, zitangaze forodhani. Na ukinunua maji au biskuti, tafuta herufi MRP kwenye pakiti: hiyo ni bei ya juu kabisa, kodi ikiwemo, na muuzaji haruhusiwi kuivuka. Weka kidole hapo, usiseme kitu.

Ya haraka haraka

Saa: India nzima ina saa moja, mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu huwakosesha watu miadi ya simu na daktari.

Uwanja wa ndege: anayekusindikiza ataishia nje. Askari mlangoni hutaka tiketi na pasipoti kabla hujaingia jengoni.

Dharura: 112, jimbo lolote.

Plagi: umeme ni volti 230, lakini matundu yao ni ya duara. Kile kichwa chako chenye miguu mitatu bapa hakitaingia. Adapta iko kila duka la simu, soma MRP.