Usiwaache ndugu zako wa Pate: barua kwa mwanangu

Mwanangu Athmani,

Assalaam alaykum. Hapa Lamu sote wazima, na mama yako anakusalimu sana.

Umeniuliza mambo mawili kuhusu ile fomu, SF-86, unayojaza huko jeshini ili uruhusiwe kushika siri za serikali ya Marekani. Je, useme kwamba ile hoteli ya Malindi ilikufukuza kazi miaka minne iliyopita? Na je, uandike ndugu zako wa tumbo moja tu, uwaache wale wa baba mmoja walioko Pate ili orodha ya jamaa walio nje isiwe ndefu? Rafiki yako kakwambia hakuna mpelelezi atakayefunga safari kuja huku.

Andika yote.

Fomu nimeisoma. Inataka kazi zako za miaka 10, na inauliza waziwazi kama katika miaka 7 iliyopita umepata kufukuzwa, au umeacha baada ya kuambiwa utafukuzwa. Swali hilo halina pa kupenyea. Kugombana na meneja ukafukuzwa ni jambo la kuelezeka, na kila mwaka unaopita uzito wake unapungua. Ukilificha unazaa jambo la pili, na hilo halihusu hoteli tena, linakuhusu wewe. Miongozo yao ya kutoa kibali cha kushika siri, inayotumika tangu 2017, ina vipengele 13, na kipengele E, cha mwenendo wa mtu, kinahesabu kuficha kwa makusudi katika fomu kuwa sababu ya kutilia shaka uaminifu wako. Kibali kinaweza kukupita kwa hilo peke yake. Tena sheria yao inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayeidanganya serikali kwa makusudi. Nilipokuwa karani mahakamani niliwaona mashahidi ambao kosa lao lingesameheka, wakaharibikiwa kwa kulikana.

Kusahau tarehe ni jambo jingine. Anayekosea halinganishwi na anayeficha. Na kama fomu umeshaituma, mwendee afisa wa usalama wa kikosi chako leo, urekebishe kabla hawajakuuliza. Miongozo hiyohiyo inampa nafuu anayejisahihisha mapema kwa nia njema, kabla hajawekewa ushahidi mezani.

Sasa ndugu zako. Hapa umeniumiza, mwanangu. Fomu inawataka ndugu wa baba mmoja sawa na wa tumbo moja, na mama wa kambo pia. Kuwa na jamaa Kenya hakukunyimi kibali peke yake. Wanachopima ni nchi yenyewe, ukaribu wenu, na kama mtu anaweza kuwatumia kukushinikiza. Ndugu uliyemficha ndiye anayeweza kutumiwa kukutisha, maana tayari una la kuogopa lisijulikane. Uliyemwandika hana siri ya kukushika nayo. Na hao ni damu yako. Mama yao alikulea miezi yote ile mama yako alipolazwa Mombasa. Sitaki serikali yoyote duniani iwe na karatasi yenye sahihi yako inayosema hawapo.

Kesho navuka kwenda Pate. Nitaviona vyeti vyao vya kuzaliwa mwenyewe, nikutumie majina kamili na tarehe kwa simu jioni. Usitie sahihi kabla hujayapata.

Wasalaam,
Baba yako