Pima Maji Kabla ya Kutia Chambo: Kuvua kwa Ndoano Minnesota Majira ya Machipuko

Kwetu Ukerewe hakuna aliyewahi kuniuliza maji yana joto kiasi gani. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika mshipi, alitazama upepo, mwezi na rangi ya maji baada ya mvua, lakini joto la ziwa halikumshughulisha hata kidogo, kwa sababu maji ya juu ya Ziwa Viktoria hukaa kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Nilihamia Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, na elimu hiyo kama ilivyo, na machipuko yangu ya kwanza niliyamaliza nikivua mahali ambapo samaki hawakuwapo, kwa chambo ambacho hawakukitaka. Nawaandikia ndugu zetu wa Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake, ambao kila mwaka nawaona wakinunua leseni mwezi Machi na kukata tamaa kabla Mei haijaisha.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa ya Aprili, kwenye gati la Ziwa Nokomis. Nilifika alfajiri, kama tulivyozoea nyumbani, nikafunga chubwi zito, nikatunga nyungunyungu watatu kwenye ndoano moja kubwa, nikarusha mbali kadiri mkono ulivyoweza kwenda. Mpaka saa sita mchana hakuna kilichogusa. Saa nane akaja mzee mmoja na kiti chake cha kukunja, asiende gatini kabisa, bali akaketi kwenye kona ya ziwa yenye matete makavu ya mwaka jana, mahali ambapo maji hayafiki kiunoni. Kiboya chake kilikuwa kidogo kama gololi. Katika muda wa saa moja alitoa kropi tisa. Nilipomsogelea kumsalimu, hakuniambia neno kuhusu chambo. Alitoa mfukoni kipimajoto kilichofungwa kwenye uzi, akakitumbukiza mbele ya miguu yake, akanionyesha: nyuzi 11. Kisha akanituma nikapime pale gatini nilipokuwa. Nyuzi 7.

(Majina ya samaki wa huku nayaandika kama tunavyoyatamka sisi wenyewe. Kropi ni samaki bapa mwenye madoa meusi, mtamu sana akikaangwa. Blugili ni mdogo wake wa kiganja, ambaye kwa umbo atakukumbusha sato mchanga. Wolai ni mrefu, ana meno, na macho yake humeremeta ukimmulika kwa tochi usiku.)

Tofauti ile ya nyuzi nne ndiyo habari yote ya machipuko. Samaki ni kiumbe ambaye damu yake hufuata joto la maji. Maji yakiwa baridi tumbo lake husaga polepole, hivyo hali sana, na hafukuzi kinachokimbia. Barafu ikishayeyuka, ziwa zima huwa na baridi inayokaribiana kutoka juu hadi chini, karibu nyuzi 4, ambapo maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote, na upepo huyakoroga yote kwa pamoja. Jua linapoanza kupata nguvu, pembe zenye maji mafupi na tope jeusi chini hupata joto kwanza, wadudu huamka humo, vidagaa huwafuata wadudu, na kropi huwafuata vidagaa. Maji marefu, ambayo mtu wa Ukerewe huyatamani kwa mazoea, hubaki karibu matupu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliozaliwa karibu na ikweta huchelewa kulielewa. Huku jua halipiti utosini. Mwaka mzima liko upande wa kusini. Kwa hiyo ufuko wa kaskazini mwa ziwa, unaotazama kusini, ndio unaopigwa na jua siku nzima, na ukivuma upepo wa kusini kwa siku mbili, maji ya juu yaliyopata joto husukumwa yakarundikana kwenye ufuko huohuo. Aprili yote mimi huanzia kaskazini. Wala siamki alfajiri tena: usiku hupoza maji, na samaki wa mwezi huo huchangamka kuanzia saa nane mchana hadi jua kuzama. Mjomba angecheka kusikia mvuvi anaondoka nyumbani baada ya chakula cha mchana.

Msiifuate kalenda. Mwaka 2024 barafu ya Ziwa Minnetonka iliondoka katikati ya Machi. Mwaka 2018 Mei ilianza barafu ikiwa bado juu ya ziwa hilohilo. Mtu anayesema kropi huanza tarehe fulani anakudanganya bila kujua. Kipimajoto cha uzi ni kitu cha bei ndogo, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko fimbo ya pili. Vingi vya hapa vimeandikwa Farenhaiti, basi kariri mambo mawili tu: 50 ni nyuzi 10 zetu, na 60 ni kidogo zaidi ya 15.

Sasa chambo. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10, vidagaa hai wanashinda kila kitu. Maduka ya chambo huwauza kwa kuwachota na kijiko cha wavu, na aina inayovumilia shida ni wale wenye vichwa butu, urefu wa kidole kidogo. Kwa kropi chagua walio wadogo kabisa ndani ya ndoo, upitishe ndoano midomoni kutokea chini kwenda juu ili waendelee kupumua, na ndoano yenyewe iwe na kichwa kidogo cha risasi kisichozidi gramu 2. Kiboya ukiweke ili chambo kining'inie juu kidogo ya mahali unapodhani samaki yupo, kamwe si chini yake. Macho ya kropi yamekaa juu kichwani. Huona kilicho juu yake na hupanda kukichukua, lakini kilichopita chini ya kidevu chake ni kama hakipo. Akishika, usivute kwa nguvu kama unayemtoa sangara. Midomo yake ni laini kama karatasi, na nusu ya samaki niliowapoteza mwaka wangu wa pili niliwachana midomo mwenyewe kwa pupa.

Maji yakivuka nyuzi 10 ni zamu ya ruba. Najua wasomaji wengi wamesisimka, nami nilisisimka; mtu aliyekulia kando ya mto wenye ruba hawezi kuwanunua kwa fedha yake bila kujiona mpumbavu. Ruba wanaouzwa hapa kwa chambo ni jamii isiyonyonya damu ya watu. Mwanzoni mwa Aprili hawafai, kwa sababu katika maji baridi sana hujikunja wakawa kama punje ya zabibu kavu na kukaa hivyo. Maji yakipata joto hujinyoosha na kuogelea kwa mawimbi, na wolai hawawezi kuuona mwendo huo wakaupuuza. Ndoano ipite kwenye ncha pana yenye kinyonyeo, ili sehemu iliyobaki ibaki huru. Wanadumu wiki mbili au tatu kwenye friji ukiwabadilishia maji kila baada ya siku moja au mbili, na hapo ndipo ugomvi ulipoingia nyumbani kwangu: mke wangu alifungua kopo la mtindi lililokuwa nyuma ya sukuma wiki, na halikuwa na mtindi. Tangu siku hiyo ninalo kopo lenye kifuniko chekundu, nimeliandika kwa kalamu nzito, na linakaa kwenye droo ya chini kabisa.

Nyungunyungu, chambo chetu cha tangu utoto, zamu yao ni mwisho wa Mei, maji yakipita nyuzi 15. Hata hapo msimtunge mzima kwa blugili, kwani ana kinywa kidogo sana na ataula mkia wote bila kugusa chuma. Kipande cha urefu wa ukucha kinatosha. Blugili madume huchimba viota vya mviringo kama sahani kwenye mchanga, vingi pamoja, na kuvilinda kwa ukali, kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kuwavua wote. Ndiyo maana nawaomba mrudishe madume makubwa yaliyo viotani na kuchukua wale wa wastani; ziwa likiondolewa madume makubwa, wanaobaki hukomaa na kuzaa wakiwa wadogo, na baada ya miaka michache kila blugili wa ziwa hilo anakuwa saizi ya biskuti.

Mtoni mambo yana utaratibu wake. Theluji ikiyeyuka Mississippi hujaa, maji hubadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa, na mkondo hubeba magogo. Wolai hupanda mto kutafuta pa kutaga maji yakiwa kati ya nyuzi 6 na 10, na wakikutana na ukuta wa bwawa hukusanyika chini yake. Mji wa Red Wing, chini ya Bwawa Namba 3, una sifa kwa jambo hilo, na sehemu hiyo ya mto, iliyo mpakani na jimbo jirani la Wisconsin, ina sheria zake: wolai huruhusiwa mwaka mzima, ilhali katika maziwa ya ndani msimu wao hufunguliwa katikati ya Mei. Usiweke chambo katikati ya mkondo. Samaki aliye katika maji baridi hana nguvu za kupigana na mto, basi hukaa nyuma ya vikuta vya mawe, kwenye mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na yaliyotulia. Ndoano yenye risasi ya gramu 7 hadi 14 na kidagaa mmoja iteremshwe mpaka iguse chini, inyanyuliwe shibiri moja, iteremshwe tena polepole mno. Jike aliyevimba tumbo kwa mayai mrudishe. Na usikaribie ukuta wa bwawa kwa mashua kupita mabango, kwa sababu maji yanayoanguka pale huzunguka chini kwa chini na kumshikilia mtu asiibuke, hata kama ni fundi wa kuogelea.

Hilo la kuogelea nalirudia kwa makusudi. Sisi watu wa ziwa tunajisifu kwa kuogelea, lakini katika maji ya nyuzi 5 mwili hupigwa na mshtuko, pumzi hukatika, na mikono hukosa nguvu baada ya dakika chache tu. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Kuna siku utafanya yote haya na bado urudi mikono mitupu, na mara nyingi ni siku nzuri kwa macho: anga la samawati, hewa safi, upepo wa kaskazini, baada ya siku tatu za joto. Baridi imerudi. Samaki waliokuwa kwenye maji mafupi wamerudi nyuma hadi ukingo wa kwanza wa maji marefu, na wamenuna. Punguza ukubwa wa chambo kwa nusu, acha kiboya kitulie mpaka uchoke kukitazama, au ubaki nyumbani. Mimi siku hizi hubaki nyumbani.

Leseni ni lazima kwa kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, na katika maziwa ya ndani maji yakiwa hayana barafu, mtu mmoja ana haki ya mshipi mmoja tu. Wengi wetu hukamatwa kwa hili, kwa kuwa nyumbani mtu hutega mishipi kumi. Kwa upande wa jikoni, idara ya afya ya jimbo hutoa mwongozo wa kula samaki kwa sababu ya zebaki, na kanuni yake kuu ni rahisi: samaki mkubwa anayekula wenzake ana zebaki nyingi kuliko kropi na blugili. Mama mjamzito na watoto wapewe hawa wadogo, tena kwa kiasi.

Chambo kinachobaki hakimwagwi ziwani wala hakitupwi porini. Mtu wa Ziwa Viktoria hahitaji kufafanuliwa sana kuhusu sheria hii: sangara aliletwa kwetu miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi ambao babu zetu waliwala hawaonekani tena. Hata nyungunyungu ni wageni hapa Minnesota, kwa kuwa barafu kuu ya kale haikuacha hata mmoja wa asili. Wanaochimbwa leo wana asili ya Ulaya, na wakiingia msituni hula majani makavu yaliyofunika ardhi mpaka miche ikakosa pa kuotea. Vidagaa unaweza kuwarudisha nyumbani ukishamwaga maji ya ziwa na kuwatilia ya bomba, nami huja na chupa mbili za maji hayo ndani ya gari kwa kazi hiyo. Nyungunyungu waliobaki huwafunga katika mfuko wa plastiki, nikawatupa kwenye pipa la takataka. Ruba hurudi kwenye kopo lao, kifuniko chekundu, droo ya chini.